Kalenda ya bure kwenye uso wa kompyuta: amua kwanza kama ni ya kutazama au ya kuandika

Mkuu, umeuliza kalenda ya bure, nyepesi, inayokaa kwenye uso wa kompyuta muda wote, isiyodai akaunti wala intaneti, na ukasema umeshajaribu tatu ukazifuta zote. Njia hiyo nimeipita kwa miaka, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Kabla hujapakua ya nne, amua jambo moja: unataka kalenda ya kutazama au ya kuandika? Ya kutazama ni ile ambayo ukiinua macho tu unajua leo ni tarehe ngapi na tarehe 20 inaangukia siku gani. Ya kuandika unaipa miadi, nayo inakukumbusha. Nilihangaika muda mrefu kwa sababu nilihitaji ya kwanza huku napakua ya pili, yenye madirisha na vitufe chungu nzima, halafu nailaumu kwamba ni nzito.

Kama ni ya kutazama, huenda huhitaji kupakua chochote. Kwenye Windows bofya saa iliyo pembeni chini, mwezi mzima utafunguka. Kwenye Linux fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike cal -3, utapata mwezi uliopita, huu na ujao kwa pamoja. Kwenye Mac, tangu toleo la Sonoma la mwaka 2023, unaweza kuweka wijeti (kidirisha kidogo) ya kalenda palepale kwenye uso wa kompyuta; na anayependa kuiona juu kwenye mstari wa menyu atumie Itsycal, ni ya bure na ni ndogo sana.

Lakini wewe unataka ikae mbele ya macho bila kubofya. Hapo ninachopenda kuliko vyote ni kalenda iliyo picha ya mandhari ya skrini. Kila Desemba nafungua LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, napanga miezi 12, naihifadhi kama picha na kuiweka kuwa mandhari ya skrini. Haili kumbukumbu, haiombi toleo jipya, haina cha kuharibika. Iweke upande wa kulia ikiwa ikoni zako ziko kushoto, andika kwa herufi kubwa kuliko unavyodhani inatosha, na mandhari yawe ya rangi moja iliyofifia, maana picha yenye maua mengi inameza tarakimu. Na si lazima uanze upya kila mwaka. Mwaka wa kalenda hii yetu ya kawaida una maumbo 14 tu: siku 7 zinazowezekana kuangukia Januari mosi, mara mbili, kwa sababu ya mwaka mfupi (siku 365) na mrefu (siku 366). Mwaka 2026 ulianza Alhamisi sawasawa na 2015, hivyo kalenda ya 2015 inafaa yote. Sikukuu zinazohama kama Idi na Pasaka ndizo utazirekebisha kwa mkono.

Hapo hapo, angalia wiki inaanzia siku gani. Kwa hesabu ya Kiswahili Jumamosi ndiyo mosi na Jumatano ndiyo ya tano, ila kalenda za kompyuta huanza ama Jumapili ama Jumatatu. Jicho likizoea mpangilio mmoja halisomi tena majina, linasoma nafasi tu. Nilipobadili kompyuta nilifika kwenye miadi siku moja kabla kwa sababu safu ya kwanza ilikuwa imehama. Kwenye Windows siku ya kwanza ya wiki inabadilishwa kwenye mipangilio ya saa na lugha, sehemu ya eneo. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Sasa ya kuandika. Kwa ulivyoeleza, Rainlendar ndiyo iliyo karibu zaidi na unachotaka. Ina toleo la Lite la bure na la Pro la kulipia, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Inakaa juu ya mandhari kama karatasi iliyobandikwa, unaweza kuifanya ipenyeze ili mandhari ya nyuma yaonekane, na ukishaipenda ilipo unaifunga isisogee. Kuunganisha na kalenda ya Google kumo kwenye Pro, na wewe umesema hutaki akaunti, kwa hiyo hukosi kitu. Anayetumia Thunderbird kwa barua pepe asihangaike, kalenda imo ndani yake na inafanya kazi hata bila mtandao, ila haikai kwenye uso wa kompyuta.

Kuna watakaokushauri urudishe zile gajeti za Windows 7, yaani programu ndogo zilizokaa kwenye uso wa kompyuta, mojawapo ikiwa kalenda ndogo ya rangi ya machungwa. Nazikumbuka kwa mapenzi, ila usizirudishe. Mwaka 2012 Microsoft yenyewe iliwaambia watu wazizime kwa sababu ya mianya ya usalama. Na kupakua tu kuna mitego yake. Kalenda mojawapo niliichukua kwenye tovuti inayokusanya programu za kila aina badala ya ukurasa wa mtengenezaji, nikabofya "endelea" bila kusoma visanduku vilivyokuwa vimeshawekwa alama. Ikaja na programu mbili nisizoziomba, na brauza ikawa inafungua ukurasa nisioujua. Nilitumia jioni nzima kusafisha.

Kilichoniuma zaidi ya hayo yote ni tarehe zangu. Kwa miaka minne nilitumia kalenda moja nzuri, ya bure, ya mtengenezaji mmoja mdogo. Humo niliweka kila kitu: kazi za wateja, siku za kliniki za mtoto, siku za kumbukumbu za wazee wetu waliotangulia. Kompyuta ikafa. Fundi akaokoa mafaili yote, ikiwemo faili la kalenda, lakini lilikuwa la muundo ambao ni programu ile tu iliweza kuusoma, na ukurasa wake ulikuwa umeshatoweka. Nilikuwa na tarehe zangu mkononi na sikuweza kuzifungua. Nyingine niliziuliza upya kwa ndugu, nyingine zilipotea moja kwa moja.

Tangu hapo sichagui kalenda kabla ya kujua kama inatoa faili la .ics. Huo ni muundo wa wazi ulioandikwa mwaka 1998 na kuboreshwa 2009, na karibu kalenda zote zinausoma, za kompyuta na za simu. Rainlendar huhifadhi miadi kwa muundo huo, na hiyo ndiyo sababu yangu kuu ya kuipendekeza. Ni maandishi matupu. Ukilifungua faili kwa Notepad utakuta mstari unaoanza na DTSTART, kisha tarakimu kama 20260316T090000: mwaka, mwezi, siku, kisha saa. Hata programu ikifa, mtu mwenye subira anaweza kulisoma kwa macho. Nakili faili hilo kwenye flashi kila mwisho wa mwezi.

Uangalie hapo kwenye saa, maana 09:00 ni saa tatu asubuhi yetu. Kompyuta haihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mzazi wangu aliandika 2:00 kwa ajili ya dawa ya saa mbili asubuhi, kengele ikalia saa nane usiku na nyumba nzima ikaamka kwa hofu. Mtu akikuomba umwekee kalenda, mfundishe hilo kabla ya jambo lingine lolote, na uichague kalenda iwe ya saa 24 ili saa mbili asubuhi (08:00) isichanganywe na saa mbili usiku (20:00).

Kumbuka pia kwamba kikumbusho hakilii kompyuta ikiwa imezimwa. Mambo yasiyosubiri, kama dawa na safari, yaweke na kwenye simu.

La mwisho ni kwa mwenye kompyuta ya zamani. Ukiona kalenda inaonyesha leo ni siku ya miaka mingi iliyopita kila unapowasha, usiifute, haina kosa. Kalenda yoyote utakayoipakua itasoma tarehe ya kompyuta yenyewe, na tarehe hiyo hushikiliwa na betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, mara nyingi ni ya aina ya CR2032. Ikiisha, tarehe inapotea kila umeme ukichomolewa. Umesema moja ya zile tatu uliifuta kwa sababu "inadanganya tarehe", kwa hiyo leo usiku zima kompyuta, chomoa waya, uiache mpaka asubuhi. Ukiiwasha kabla ya kuunganisha intaneti tarehe ikiwa imerudi nyuma, badilisha betri kwanza, ndipo upakue Rainlendar.