Nimefika kwenye vepu ya wati 80, na bado sigara mbili zimenigomea

Safu ya Maswali ya Afya
Anayejibu ni muuguzi anayewasaidia wavutaji kuacha sigara

Shikamoo dada. Nina miaka 43 na nimevuta sigara tangu sekondari, pakiti nzima kwa siku. Mwaka juzi nikahamia vepu, ile sigara ya kielektroniki. Nilianza na ile nyembamba ya kutupa, nikaja ya podi, yaani kikopo kidogo cha kuchomeka, halafu kalamu yenye tangi, na sasa nina boksi la betri mbili ninalolipandisha mpaka wati 80. Nikotini nimeishusha kutoka miligramu 18 hadi 3 kwa kila mililita ya juisi, kile kimiminika cha vepu. Lakini kuna sigara mbili zimenigomea: ya alfajiri, kabla sijasemeshana na mtu, na ya usiku kabla ya kulala. Rafiki yangu anayejisukia koili mwenyewe, ule waya unaochemsha juisi, anasema boksi langu bado dogo. Eti nichukue bomba la mekaniko, lile lisilo na chipu, nikipata mvuke wa kutosha hizo mbili zitajifia zenyewe. Ninunue? Na mbona koili zangu zinaungua kila mara?
Baba Wawili

Marahaba, mdogo wangu. Bomba hilo usilinunue. Kabla sijakueleza sababu, pokea hongera zangu, maana mtu wa pakiti kwa siku akibakiza sigara mbili amefanya kazi kubwa. Nimekaa na wavutaji wengi, naujua ugumu wake.

Shida yako haiko kwenye ukubwa wa kifaa. Itazame safari yako: kila ulipopanda wati, ulishuka nikotini. Mchana hilo halikusumbui, kwa sababu mashine kubwa inageuza juisi nyingi kuwa mvuke kwa pafu moja, yaani mvuto mmoja, nawe unavuta kila baada ya dakika chache. Alfajiri ni habari nyingine. Nikotini mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ukilala saa nane mfululizo, unaamka na kama sehemu moja ya kumi na sita ya ile uliyolala nayo. Ubongo unaamka na arosto, unadai nikotini na unaidai upesi. Sigara huifikisha ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20. Juisi yako ya miligramu 3 itajaza chumba mvuke kabla haijakutuliza, na hapo ndipo mkono unapoifuata pakiti.

Kwa hiyo ninachokuomba ni urudi nyuma. Chukua tena kifaa kidogo cha podi, utie juisi ya miligramu 18 au 20 kwa mililita, hasa ile ya chumvi ya nikotini, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali. Kiweke kando ya kitanda, mahali pakiti ilipokuwa inalala. Kivute kama ulivyokuwa ukivuta sigara: mvuke ujae mdomoni kwanza, ndipo uushushe mapafuni. Piga pafu chache, tulia dakika mbili, rudia kama bado. Lakini juisi hiyo kali usiitie kabisa kwenye boksi lako la wati 80. Utapata kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, kwa sababu kila pafu la boksi lile linabeba mvuke mwingi mno.

Kama hata hivyo sigara ya alfajiri haitoki, bandika plasta ya nikotini ya saa 24 usiku. Itakutolea nikotini polepole ukiwa umelala, na inaruhusiwa kutumika pamoja na vepu. Zipo pia dawa za vidonge, vareniklini na sitisini, ambazo daktari anaweza kukuandikia. Na uangalie sheria ya mahali ulipo. Umoja wa Ulaya hauruhusu juisi kuzidi miligramu 20 kwa mililita wala tangi kuzidi mililita 2, na nchi kama Singapore, Brazil, Thailand na India zimepiga marufuku uuzaji wa vepu. Mwenye kuishi penye katazo aende moja kwa moja kwenye plasta na vidonge.

Sasa turudi kwa sigara hizo mbili, maana nahisi unaziona ni ndogo. Mwaka 2018 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 141 uliowatazama wanaovuta sigara moja tu kwa siku. Hatari yao ya ziada ya ugonjwa wa moyo ilikuwa karibu nusu ya ile ya mtu wa sigara 20. Soma tena hapo: sigara moja kati ya 20, lakini karibu nusu ya hatari. Mishipa ya damu haihesabu kama sisi tunavyohesabu.

Katika chumba changu cha ushauri kuna kipima pumzi. Mtu anavuta hewa, anaibana sekunde 15, kisha anapuliza taratibu mpaka pumzi iishe, na kioo kinaonyesha kiwango cha kaboni monoksidi. Mvutaji wa pakiti mara nyingi anasoma sehemu 20 kwa milioni na kwenda juu. Gesi hiyo hutokana na kuungua. Ncha ya sigara inapovutwa hufika nyuzi joto 900 hivi, na moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000. Ndani ya vepu hakuna tumbaku inayoungua, ndiyo maana aliyehama kabisa husoma kama mtu asiyevuta baada ya siku moja au mbili tu. Kuna mzee mmoja aliyehama kama wewe akabakiza ya asubuhi. Alipopuliza muda mfupi baada ya kuivuta, namba ikapanda. Akakigeuza kifaa huku na huku, akaniuliza kama ni kibovu. Nikamwambia arudi siku nyingine kabla hajawasha chochote. Aliporudi namba ilikuwa chini, akaomba apulize tena ili ahakikishe. Mimi sikuwa na la kuongeza.

Kuhusu bomba la mekaniko, rafiki yako anakutakia mema, lakini anakupeleka pabaya. Boksi lako lina chipu inayokata umeme koili ikigusana na chuma, betri ikiisha au joto likizidi. Bomba halina chochote kati ya betri na koili isipokuwa kitufe. Piga hesabu: betri ya aina ya 18650 iliyojaa ina volti 4.2. Ukiweka koili ya omu 0.5 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), gawanya volti kwa omu, unapata ampea 8.4, na betri nzuri inastahimili. Shusha mpaka omu 0.2 ili upate hayo mawingu unayoahidiwa, zinakuwa ampea 21. Betri nyingi za aina hiyo uwezo wake halisi ni ampea 10 hadi 20, haidhuru ganda lake limeandikwa nini. Zaidi ya hapo inachemka, na betri ya lithiamu ikishachemka haizimiki kwa kuiachia kitufe. Marekani watu wawili walikufa vepu zilipowalipukia usoni, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka 2019. Wewe una watoto wawili, kwa jina ulilojipa. Nakusihi, mdogo wangu, lipite hilo duka.

Hata kwa boksi ulilonalo, betri ya akiba isikae mfukoni na funguo au sarafu. Iweke kwenye kikasha chake cha plastiki. Ganda la nje likichanika, hata kidogo, ipeleke kwenye ukusanyaji wa betri chakavu. Na betri mbili za boksi zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja.

Koili kuungua kuna sababu tatu nnazokutana nazo sana. Ya kwanza ni papara. Koili mpya ina vitundu pembeni, ukichungulia unaiona pamba nyeupe kavu. Idondoshee matone machache ya juisi mpaka pamba ibadilike rangi, ifunge, jaza tangi, kaa dakika 10 bila kugusa kitufe. Ukiwasha pamba ikiwa kavu inababuka papo hapo, na ladha ile ya kuungua haiondoki hata ujaze juisi mara ngapi. Ya pili ni wati: ubavuni mwa koili yamechorwa maandishi madogo, kwa mfano wati 40 hadi 60. Wewe unasukuma 80. Anzia kwenye namba ya chini, upande kidogo kidogo, usivuke namba ya mwisho. Ya tatu ni juisi zenye utamu mwingi, maana kitamutishi hicho hugandia waya na kuwa ukoko mweusi. Usijilazimishe kuvuta koili iliyoungua ili kuokoa fedha. Mvuke wa pamba iliyokauka una kemikali za sumu, fomaldehaidi na jamaa zake, vitu vilevile ulivyovikimbia kwenye sigara.

Kumbe kuboresha vifaa ni kubaya? Hapana. Ile ya kutupa betri yake ilikuwa dhaifu, na kama ungebaki nayo huenda ungerudi kwenye pakiti. Kupanda mpaka kifaa kinachokukinai ni sehemu ya kuhama. Lakini ngazi hii haiendi juu bila mwisho. Sigara zikishatoka zote, na miezi kadhaa ikapita bila kuteleza, ndipo tuanze kushuka: nikotini 18, 12, 6, kila hatua ukiizoea kabla ya inayofuata, huku wati zikibaki chini. Ukishusha nikotini na kuongeza wati kwa pamoja, mwili unajilipa kwa kuvuta juisi nyingi zaidi, na hapo hujapunguza kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu vepu inasaidia kuacha sigara kuliko inavyosaidia kuiacha vepu yenyewe. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa plasta, bigijii za nikotini na kadhalika. Ni karibu mara mbili. Lakini kati ya hao walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaivuta. Na vepu ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, kwa hiyo hakuna aliyeivuta kwa miaka 40 tukamwona. Madhara yake ni madogo sana kuliko ya sigara. Hayo hayaifanyi iwe hewa safi.

Jambo moja dogo la mwisho. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa pamoja na kahawa. Ukiacha moshi, kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, nawe unatetemeka na kukosa usingizi ukidhani ni arosto. Punguza vikombe kwanza. Kama unatumia klozapini (dawa ya maradhi ya akili) au theofilini (dawa ya pumu), mwambie daktari kabla ya kuacha sigara hizo mbili, ili akupimie dozi upya.

*

Shikamoo shangazi. Mume wangu amehamia vepu na nyumba hainuki tena moshi, nashukuru. Ila chupa zake anaziacha mezani, na mtoto wetu wa miaka miwili ameanza kuzichezea kwa sababu zina picha za matunda. Nikilalamika ananiambia ni manukato tu. Je, nina haki?
Mama Kijacho

Marahaba mwanangu. Una haki yote, na leo hii chupa zihame. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 20 kwa mililita ina miligramu 200 za nikotini, na nikotini ni sumu inayopita hata kwenye ngozi. Ziwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli, kifuniko kikiwa kile cha kubonyeza ndipo ukizungushe. Podi zilizotumika pia zisitupwe kwenye pipa ambalo mtoto analifikia, kwa kuwa juisi huwa inabaki ndani. Na kwa jina ulilojiita naona kuna mwingine njiani, kwa hiyo mumeo avutie nje.

Juisi ikimmwagikia mtoto, mvue nguo iliyolowa na umwoshe kwa maji mengi. Akiinywa, hata kama ni kidogo, usimtapishe wala usingoje uone itakuwaje. Kutapika, mate kumtoka, kupauka na kulegea huweza kufuatana ndani ya dakika chache. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue, ili daktari asome mwenyewe nguvu ya nikotini iliyoandikwa.