Fremu ya Chuma au ya Alumini kwa Baiskeli ya Kubeba Maziwa?

Swali: Kila asubuhi napeleka maziwa lita 40 umbali wa kilomita 18, barabara ya vumbi. Fremu yangu ya chuma imeshachomelewa mara mbili. Nimepata baiskeli ya mtumba yenye fremu ya alumini, nyepesi, lakini bei yake ni karibu mara mbili ya mpya ya chuma. Je, itadumu zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kazi yako nakushauri ubaki na chuma. Maziwa hayo peke yake yana kilo 41 hivi, ilhali fremu ya alumini itakupunguzia kilo moja au mbili tu, unafuu ambao hutauona mlimani.

Jambo zito zaidi ni uchovu wa metali, yaani metali kudhoofika kidogo kidogo kwa kutikiswa mara nyingi hadi ipasuke. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho, mradi mitikisiko haikivuki, kinaweza kuihimili kwa miaka mingi bila kudhurika. Alumini haina kiwango hicho, hivyo kila shimo la barabarani huipunguzia uhai kidogo, hata kama macho hayaoni kitu. Asiyebeba mzigo atadumu nayo vizuri. Ila ikipasuka, fundi wa kuchomelea wa mtaani hataweza kuirudishia nguvu, kwa kuwa moto huilainisha kandokando ya kiungo, na kiwandani fremu nyingi za aina hiyo hupitishwa tena kwenye tanuri baada ya kuchomelewa ili zikaze. Fremu ya titani, metali nyingine nyepesi, haishiki kutu na hudumu sana, lakini bei yake haiendani na biashara ya maziwa. Ile ya kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ikigongwa huweza kupasuka ndani kwa ndani, kwa hiyo usiifungie keria ya mzigo.

Sasa tazama fremu uliyo nayo. Igeuze magurudumu juu, futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha chunguza mabomba yanapokutana kwenye ekseli ya pedeli. Mstari mwembamba kama unywele, wenye rangi ya kutu, ni ufa. Ikiwa umetokea palepale palipochomelewa mara mbili, usichomelee mara ya tatu. Nunua fremu mpya ya chuma yenye mabomba mazito, na miguu ya keria ifungwe kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, ili mzigo usining'inie kwenye mabomba membamba ya nyuma. Kabla ya masika, chomoa nguzo ya siti umimine mafuta kidogo ndani ya bomba, maana kutu ya ndani ndiyo huanza mapema.