Panya akitikisa kichwa, ameona nini?

Nimeletewa maswali kadhaa kuhusu dawa za mauzauza, yaani LSD, uyoga wenye silosaibini na ndugu zao, na namna zinavyopimwa kwa wanyama kabla ya kumfikia mtu. Mengine nayajibu kwa kirefu, mengine kwa ufupi.

Shikamoo mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba panya akidungwa dawa kisha akatikisa kichwa, dawa hiyo inaleta mauzauza. Kichwa cha panya na mtu kuona ukuta unapumua vinahusianaje? (Mwanafunzi wa famasia, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Natamani kila mwanafunzi aulize hivi kabla ya kukariri. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa mtikiso huo, sikuuona. Panya alikuwa kwenye kona ya kizimba akinusa maranda, mwenzangu akasema "Huyo, huyo!" na mimi bado natafuta. Ni jambo la kufumba na kufumbua: kichwa kinakwenda kushoto na kulia kwa kasi ya takriban mara 90 kwa sekunde, kama mbwa anayekung'uta maji masikioni. Ndiyo maana siku hizi baadhi ya maabara hubandika sumaku ndogo kichwani mwa panya na kuzungushia waya pale alipowekwa. Kichwa kikitikisika, umeme kidogo huzaliwa kwenye waya, na kompyuta huhesabu.

Uhusiano unaouliza uko kwenye kipokezi kimoja cha serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo; kipokezi hicho huitwa 5-HT2A. Mwaka 2007 watafiti waliwapa LSD panya waliozaliwa bila kipokezi hicho, na vichwa havikutikisika. Walipokirudisha kwenye gamba la ubongo tu, mtikiso ukarudi. Kwa upande wa binadamu, mwaka 1998 wataalamu wa Zurich, Uswisi, waliwapa watu ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho hicho, kisha wakawapa silosaibini. Mauzauza yakazuilika. Halafu mwaka 2020 mtafiti Adam Halberstadt na wenzake walilinganisha dawa kadhaa za kundi hili wakakuta kwamba ile inayomtikisa panya kwa dozi ndogo ndiyo inayomlevya mtu kwa dozi ndogo, na uwiano ulikuwa wa karibu mno. Hilo si jambo la kubeza.

Sasa tazama upande wa pili. Ipo 5-HTP, ambayo mwili huigeuza kuwa serotonini na watu huinunua kama kirutubisho. Panya akidungwa kiasi cha kutosha, kichwa kinatikisika vizuri kabisa, lakini watu wanaoimeza kila siku hawaoni chochote cha ajabu. Pia dozi ya LSD ikipanda sana, mitikiso hupungua badala ya kuongezeka, kwa hiyo aliyepima dozi moja tu anaweza kusema dawa ni dhaifu kumbe amekivuka kilele. Kwenye mtihani wako andika kwamba mtikiso unaonyesha 5-HT2A imeamshwa. Ukiandika kwamba panya ameona mauzauza, mimi ningekukata maksi.

Hapa kwetu panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na dunia inawaamini. Kwa nini panya wa dawa wasiaminiwe? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, umenigusa mahali ninapopapenda. Panya wa APOPO, shirika linalowafundisha pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaaminika kwa sababu jibu lao linahakikiwa. Kwenye mafunzo, mkufunzi anajua baruti imefukiwa wapi. Panya akikwaruza hapo, anapata ndizi. Panya buku Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, alikwaruza ardhi ya Kambodia, watu wakachimba, bomu likaonekana.

Kwenye dawa za mauzauza, kipimo kinachokaribia hicho ni cha vitufe viwili. Panya anadungwa LSD siku moja, maji ya chumvi siku nyingine. Siku ya LSD chakula hutoka akibonyeza kitufe cha kushoto, siku ya maji cha kulia. Baada ya wiki nyingi anajua kuchagua kwa kusikiliza mwili wake tu. Hapo anadungwa dawa mpya, na mtafiti anatazama atakwenda upande gani.

Mimi nakipenda kipimo hiki kuliko cha mtikiso, maana mnyama kwa namna fulani anaulizwa anajisikiaje. Lakini anaulizwa swali lenye majibu mawili tu: hii inafanana na LSD au na maji? Lisuraidi, dawa iliyotumika Ulaya kwa ugonjwa wa Parkinson na kipandauso, ndiyo iliyofichua udhaifu huo. Nayo huamsha 5-HT2A, ila kwa dozi za kawaida haimpi mtu safari ya LSD. Panya wa vitufe huibonyezea upande wa LSD, wakati vichwa vya panya wa mtikiso hubaki vimetulia. Vipimo viwili, dawa moja, majibu yanapingana. Na hakuna mahali pa kuchimba tuone bomu.

Mnanaha je? Huo mtikiso ungeukamata? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Mnanaha, mmea wenye sumu, huziba vipokezi vya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo, yaani njia nyingine kabisa, na aliyeula huweweseka na kuzungumza na watu wasiokuwepo. Kipimo cha mtikiso hakikuundwa kwa ajili yake. Na tafadhali, mkimwona mtu aliyekula mnanaha, mpelekeni hospitali mapema: moyo hukimbia, joto hupanda, na wapo wanaokufa.

Ni kweli tembo aliwahi kupewa LSD? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, na kila nikikumbuka naumia. Agosti 1962, Oklahoma City, Marekani. Tembo dume aliitwa Tusko, ana uzito wa zaidi ya tani 3. Walitaka kuona kama LSD ingemtia ukali unaowapata tembo dume wakati wa kutafuta majike. Dozi ya mtu ni sehemu ndogo ya miligramu moja. Yeye alidungwa miligramu 297. Ndani ya dakika chache alipiga baragumu, akaanguka, akashikwa na degedege. Wakamdunga dawa nyingine za kumtuliza. Saa moja na dakika 40 tangu sindano ya kwanza, alikuwa amekufa, na mpaka leo wataalamu wanabishana alikufa kwa LSD au kwa zile za kumtuliza. Kukuza dozi kwa kufuata uzito pekee ni kosa, kwa sababu mwili mkubwa hauchomi dawa kwa mwendo wa mwili mdogo. Tusko hakufundisha lolote kuhusu mauzauza.

Basi si waache wanyama, wapime kwa watu moja kwa moja? (Msomaji, Arusha)

Historia iko nusu upande wako, dada. LSD ilitengenezwa 1938, ikajaribiwa kwa wanyama, wakaonekana kuhangaika kidogo, ikawekwa kando. Miaka mitano baadaye Albert Hofmann, mkemia aliyeitengeneza, aliijua kwa mwili wake mwenyewe. Uyoga wa Meksiko nao ulipojaribiwa kwa wanyama haukuonyesha jambo la kueleweka, mpaka Hofmann akala uyoga mkavu 32 ndipo akajua kilichomo.

Lakini mnyama hutueleza mengine ambayo hatupaswi kuyajua kwa kumpoteza mtu: sumu, degedege, moyo. Hayo sitaki yaachwe.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye dawa mpya za sonona zinazotangazwa kuwa ni jamii ya LSD zisizoleta mauzauza. Mara nyingi neno hilo "zisizoleta" limesimama juu ya panya waliotulia vichwa. Mkisoma tangazo la namna hiyo, ulizeni: walipima dozi ngapi? Walitumia kipimo kingine chochote? Na je, yupo mtu aliyeimeza, akaulizwa ameona nini?