Kabla ya Kugeuza, Jifunze Kusimamisha: Kuendesha Punda na Farasi Bila Hatamu

Juzi baada ya isha nilikuwa nimeketi barazani nikapata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Malindi. Amepata kazi ya kumtunza farasi wa tajiri mmoja, na farasi mwenyewe hataki kabisa lijamu, kile chuma cha kutiwa kinywani. Akiliona tu huinua kichwa mpaka masikio yanagusa makuti ya banda. "Kaka, nasikia nyinyi watu wa Lamu mnaendesha wanyama bila hatamu. Nipe siri."

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, kisha nikaona hayatoshi. Tena najua si yeye peke yake. Wewe unayesoma hapa umewahi kutamani siku moja uwe juu ya mnyama, mikono mitupu, na mnyama aende unakotaka wewe. Hakuna mpanda asiyeitamani siku hiyo. Siri ipo, ila mimi niliipata kwa aibu, na siwezi kuitoa bila kuianza na aibu yenyewe.

Nilikuwa na miaka 16. Ilikuwa wiki ya Maulidi, mji wa Lamu umejaa wageni waliokuja msikiti wa Riyadha, na siku ya mashindano ya punda pale pwani hapakuwa na pa kuweka mguu. Punda niliyempanda alikuwa jike wa Ami yangu, jina lake Kusi. Mwaka uliotangulia alinishinda: katikati ya mbio alikata kona akaingia kichochoroni, akarudi zizini kwake nami mgongoni. Nikaapa halitatokea tena. Usiku wa kuamkia mashindano nikachukua waya, ule mafundi wanaofungia nondo, nikausokota mara tatu, nikamtia Kusi kinywani na kufunga kamba pande zote mbili. Nikajiona fundi.

Tulianza vizuri. Karibu na uwanja wa Mkunguni palikuwa na punda wawili mbele yetu, nikavuta mkono ili nipite upande wa bahari. Kusi akaachama, akainua kichwa, akasimama palepale kama aliyekitwa kwenye saruji. Mimi nikaendelea. Nilitua kwa bega kwenye ukingo wa ukuta wa bahari, watu wakapiga kelele, na nikasikia mtu akilitaja jina la baba yangu. Nilipoinuka nikamtazama Kusi mdomoni. Povu lake lilikuwa na wekundu hafifu, kama maji ya kuoshea nyama. Ulimi ulikuwa umekatika upande mmoja.

Tulimpeleka hospitali ya punda, ile iliyopo pale pwani tangu 1987, ambako punda hutibiwa bure. Daktari alimsafisha, kisha akanishika mkono, akaunyanyua mdomo wa Kusi na kunionyesha. Kati ya meno ya mbele na magego pana pengo, hapana jino, ni ufizi mtupu. Lijamu hukaa hapo. Akachukua kidole changu mwenyewe akakipitisha juu ya ufizi ule uliovimba, nikahisi Kusi anatetemeka mpaka shingoni. Ni miaka mingi sasa, na kidole hiki bado kinakumbuka.

Ami hakunipiga. Alichukua kisu akaikata ile kamba vipande vipande mbele yangu, akasema, "Msimu huu wote utapanda bila kitu."

Miezi ile ya kubeba mchanga kutoka gatini hadi kwenye nyumba zinazojengwa Mkomani siisimulii. Shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda, linajazwa, linamwagwa, unarudi. Ila asubuhi moja lazima niieleze.

Tulikuwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, shogi tupu. Mimi nimekaa nyuma kabisa, kwenye matako ya punda kama tulivyozoea, Ami anatufuata kwa miguu. Mbele akatokea mama mmoja, beseni kichwani, anakuja upande wetu wa kushoto. Nikapiga "Simile! Simile!", yaani nipisheni, na kumgusa Kusi kwa fimbo kwenye shingo, upande wa kushoto, ili aende kulia. Hakwenda. Nikamgonga. Akazidi kuelekea kwa yule mama, mpaka mama akajibana mlangoni mwa watu.

"Shuka," Ami akasema. "Ndoo huku." Ndoo kwetu Lamu ni njoo.

Akanisimamisha katikati ya njia, akaniwekea viganja vyake kiunoni, akaniambia nitazame kulia. Nikatazama. "Umehisi? Kiuno kimegeuka kabla ya miguu. Sasa pale juu ulikuwa watazama wapi?"

Nilikuwa nimemkodolea macho yule mama, kwa kuogopa nisimgonge. Kichwa changu, mabega, kiuno, uzito wangu wote ulikuwa unamwambia punda aende kushoto. Fimbo peke yake ndiyo iliyokuwa inasema kulia.

"Mmoja asema ndoo, mmoja asema nenda," Ami akasema. "Yeye amsikize nani?"

Siri niliyoulizwa ni hiyo, na kila nilichojifunza baadaye kimenirudisha hapo hapo. Tazama inzi akitua ubavuni mwa punda au farasi: ngozi inatikisika palepale alipotua, si kwingine. Mnyama anayehisi miguu ya inzi atakosaje kuhisi nyonga zako? Ukigeuza macho unakotaka kwenda, kitovu kinafuata, uzito unaingia kwenye tako moja, mguu wa upande wa pili unamgusa ubavuni. Kama hakuelewa, ndipo fimbo imguse shingoni, au ile kamba ya shingo wanayotumia wapanda farasi. Na akianza tu kugeuka, hata hatua moja, acha. Ondoa mguu, ondoa fimbo, kaa kimya. Mnyama hajifunzi kwa kubanwa. Hujifunza pale unapomwachia. Wengi hushindwa hapo. Mnyama ameshatii, wao bado wanambana, na kesho wanasema ni mkaidi.

Lakini usianze na kugeuza. Anza na kusimamisha. Nasema tena, anza na kusimamisha. Mnyama anapotembea nyonga zako zinakwenda naye bila wewe kujua. Kata mwendo huo: keti uzito wote, toa pumzi taratibu mpaka iishe, nyonga zitulie. Kusi alichukua siku tisa kuelewa. Siku ya kumi nilitoa pumzi tu akasimama, na Ami aliyekuwa nyuma akamgonga kwa tumbo.

Mwaka 2009 nilikwenda Nairobi nikapata kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwenye zizi moja huko mtaa wa Karen. Farasi walikuwa wageni kwangu, na nilikuta tofauti moja kubwa. Punda akiogopa husimama. Farasi akiogopa hukimbia. Kwa hiyo kosa ambalo juu ya punda litakuangusha, juu ya farasi litakupeleka mpaka barabarani kwenye magari. Lakini lugha ya mwili ni ileile. Kulikuwa na jike mmoja wa kahawia aliyekuwa anatafuna lijamu mpaka anatoka jasho shingoni. Kila jioni, wenye farasi wakishaondoka, nilimfundisha ndani ya ua kwa kamba moja shingoni. Kusimama, kusimama, kusimama, kisha kugeuka. Kufikia mwezi wa tatu wa mafunzo alikuwa anachora nane kwa macho yangu tu.

Saisi mwenzangu akanionyesha kwenye simu yake Mmarekani Stacy Westfall, mwaka 2006, kwenye mashindano ya Columbus, Ohio, juu ya jike wake bila tandiko wala hatamu. Anamkimbiza, anamsimamisha mpaka miguu ya nyuma inateleza mchangani, anamzungusha mahali pamoja kama pia ya watoto. Nilitokwa na machozi. Nikasema, haya ni ya Ami.

Nikajipa moyo nikampanda yule jike wa kahawia mbele ya bosi, kamba moja shingoni. Alinitazama mpaka mwisho, akasema, "Hayo ni mambo ya punda," na kesho yake nikapewa mshahara wangu na kuambiwa nisirudi. Nilikubali, farasi ni wake. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwaka haukuisha, mwenzangu yule akanitumia picha za jike yuleyule akionyeshwa wageni, kamba moja shingoni, na bosi akieleza jinsi *yeye* alivyomfundisha. Sikumdai kitu. Lakini hili la "mambo ya punda" siliachi lipite.

Wapanda farasi wa Numidia, watu wa Afrika ya Kaskazini, walipigana upande wa Hannibal, jemadari wa Carthage, dhidi ya Warumi kule Cannae, Italia, mwaka 216 kabla ya Kristo, na Warumi wenyewe waliandika kwamba farasi wao hawakuwa na hatamu. Fimbo, pengine na kamba ya shingo, basi. Kule Roma, kwenye nguzo ya mfalme Trajan, wapanda farasi wa Kimori, nao watu wa Afrika ya Kaskazini, wamechongwa kwenye jiwe wakienda mbio, vichwa vya farasi vitupu. Kwa hiyo kijana wa Lamu anayeshika fimbo yake na kupiga simile asiinamishe kichwa mbele ya mtu yeyote. Ujuzi huu ni wa Waafrika tangu zamani, na una heshima yake.

Na ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wetu leo wanarudi kwenye waya. Nimewaona, na nimewafungua punda watatu kwa mikono yangu mwaka huu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, tunacheka, na hatujiulizi punda ametendewa nini mpaka akapiga teke. Mnyama huyu amejenga mji huu. Mchanga wa kila ghorofa, saruji, mawe, maji, vimepita mgongoni mwake. Bodaboda zimeingia kisiwani, sawa, lakini kwenye kichochoro cha mabega mawili bado ni yeye. Ukimtia waya mdomoni, wewe si mpanda. Wewe ni mzigo mwingine tu, na mzigo wa mchanga una nafuu kwa sababu haumvuti ulimi.

Kwenye mashindano ya mwisho kijana ninayemfundisha alikuja wa pili, juu ya Matlai, mjukuu wa Kusi. Kinywa kitupu, shingo tupu, fimbo ya mkarafuu ambayo hakuitumia. Pale Mkunguni, mahali pangu pale pale, punda wawili walimziba. Nilimwona anageuza kidevu kuelekea baharini, na Matlai akapita kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nililazimika kuketi.

Sasa wewe wa Malindi. Kwanza mlete daktari wa mifugo atazame kinywa cha huyo farasi. Magego ya farasi huchongoka pembeni yakakata mashavu, na daktari huyasaga kwa tupa. Pengine hajakataa kazi, anaumwa tu. Akishapona usiende naye ufukweni. Ingia kwenye ua uliofungwa, mvishe hatamu anayoivumilia na kamba ya shingo pamoja, hatamu zilegee kabisa, uzitumie tu akikosa kuelewa mwili wako. Mtembeze hatua ishirini, keti, toa pumzi, subiri. Akisimama, shuka, umkune shingoni, umalize siku hiyo hapo hapo. Kesho hatua ishirini nyingine. Akikusimamia kwa pumzi mara kumi mfululizo bila mkono kusogea, niandikie tena.