Jibu: Daktari anasema mama kusahau ni uzee tu

Pole dada. Usiondoke na jibu la “ni uzee tu”. Omba mama apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Vyote vinaweza kuvuruga kumbukumbu na vina dawa. Kama alichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura: wamwangalie maambukizi, hasa mkojo na malaria, na dawa anazotumia.

Baba yangu naye ana shida ya kumbukumbu, na foleni ya hospitali ndiyo ilimshinda. Masaa manne kwenye benchi, akaanza kuvua shati akidhani yuko bafuni. Siku hizi nawahi kwa muuguzi wa mapokezi, namweleza hali yake, tunapitishwa mapema. Dirisha la wazee peke yake halitoshi, nalo lina foleni yake!