Nyumba zipande, mashamba yabaki

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Je, wanaoishi mabondeni wahamishwe kwa lazima kabla ya masika?" Swali hilo limenichoma. Najua wengi wakisikia "mabondeni" wanaiona Jangwani ya Dar es Salaam. Kwetu Rufiji bonde ndilo shamba. Mto ukifurika huacha tope, na maji yakishuka tunapanda mahindi na kunde kwenye unyevu ule ule bila kungoja mvua. Huo ndio mlau. Anayemhamisha mtu bondeni ajibu kwanza: mlau ataulima nani?

Tena kuhamishwa si jambo geni kwetu. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwapandisha watu kutoka bondeni hadi vijiji vya ujamaa, miaka kadhaa kabla Operesheni Vijiji haijaenea nchini. Bibi yangu alikuwemo. Alipewa kiwanja juu, akajenga, ila kila msimu alirudi bondeni kwenye dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu, kufukuza ndege na nguruwe.

Mwaka wa El Nino, 1998, nilikuwa naye huko. Maji yalianza kwa kujaza vijito vya nyuma yetu, kwa hiyo tulizungukwa kabla mto wenyewe haujapanda ukingo. Bibi alikuwa ameyaona tangu jana yake, kwa rangi ya maji na magugu yaliyokuwa yakielea. Mjomba alikuja na mtumbwi alfajiri, akausimamisha kwa pondo chini ya ngazi.

"Mama, shuka twende."

"Mbegu kwanza, mwanangu."

Mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa juu ya jiko, meusi kwa moshi. Alifungua kila fungu, akaligawa mara mbili: nusu akaipandisha juu kabisa kwenye paa na kuikaza kwa kamba, nusu akanipa niipakate. Wakafuata kuku, chungu, jembe. Mjomba aligomba, maji yakagusa kipago cha tatu cha ngazi, bibi bado anakaza kamba. Tulipovuka mashamba nilikuwa naona ncha za mahindi tu, na bibi alikuwa akitaja moja moja mipaka iliyokuwa chini yetu: hapa kwa fulani, hapa unaanza wetu. Maji yaliposhuka tulirudi, dungu limeinama lakini limesimama, na mbegu za paani zikaota.

Nilianza barua hii nikitaka kusema hapana moja kwa moja. Lakini kisa hicho chenyewe kinanigomea. Bibi aliweza kungoja kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu. Aprili 2024 maji hayakukuta madungu peke yake. Kule Muhoro, huku huku Rufiji, yaliingia kwenye nyumba za watu. Nyumba ya matofali huwezi kuipakia mtumbwini. Muhoro ndiko Wajerumani walikokuwa na boma lao, ndiko Kinjikitile, mganga wa vita vya Maji Maji, aliponyongwa Agosti 1905, na leo ofisi za wilaya ziko Utete, penye mwinuko. Serikali yenyewe imekwisha kupanda.

Kuna na bwawa. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa kwa ajili ya megawati 2,115, mto unapita kwenye mageti. Rangi ya maji na magugu havimwambii mzee kila kitu tena. Mwenye geti anapaswa kutuambia mapema, kwa redio na kwa wenyeviti wa vitongoji.

Basi jibu langu: nyumba, ndiyo, zipande. Si kwa amri ya wiki moja, bali kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, na kisima na shule vitangulie huko juu. Mashamba yabaki ya wenyewe, wapewe hati za hakimiliki za kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na madungu yaruhusiwe. Ile mita 60 kutoka mtoni, ambamo Sheria ya Mazingira inazuia shughuli za watu, isitumiwe kuwafukuzia wakulima katika bonde lenye upana wa kilomita nyingi. Nguvu itumike pale tu maji yanapokuwa mlangoni na kuna watoto ndani.

Likikosekana sharti la mashamba, mniandike upande wa hapana.

Msomaji, Utete