Unataka kuwa dairekta wa katuni za TV? Kaa chini kwanza tuongee

Kila wiki lazima nipate meseji ya aina hii, mara Insta mara Wasapu, "kaka mimi nachora sana nataka kuwa dairekta wa katuni za TV naanzia wapi", na chini yake kuna picha ya Goku, yule wa katuni ya Kijapani Dragon Ball, kapigwa penseli. Picha zenyewe mara nyingi ni kali, sibishi, wengine wananizidi mkono kabisa. Ila nimechoka kujibu kwa voisi za dakika nane nane, wacha niandike hapa mara moja.

Mimi hii kazi nimeingilia mlango wa uani. Nilianza kama animeta, yaani yule anayezipa picha mwendo, tulikuwa wanne chumba kimoja Sinza hapa Dar, feni moja, kompyuta tatu, yaani lazima mmoja awe amelala ndo wengine wafanye kazi. Miaka ikaenda nikapewa kusimamia episodi moja, halafu mbili, halafu siku moja nikashtuka kumbe ndo mimi dairekta, na ulipofika muda wa kuandika bajeti kila mtu akaangalia pembeni, basi na uprodyuza nao ukaniangukia. Kwa hiyo haya sijayasoma popote, mengi nimeyalipia kwa hela yangu.

Kwanza, dairekta hachori. Najua inauma. Mimi kuna miezi inapita sijashika kalamu ya tableti zaidi ya kumwekea mtu mshale mwekundu "mkono upande hivi". Siku nzima unaangalia kazi za watu wengine na kusema vitu kama "huyu jicho alifumbe fremu nne mapema" (fremu ni zile picha moja moja zinazopita kwa kasi), "huyu kuku anatua kama godoro, hana mifupa", "hapa anyamaze kwanza nusu sekunde ndo ageuke". Kama raha yako ni kuchora, baki animeta au ubuni wahusika, ni kazi nzuri na ina heshima yake, tena usiku unalala.

Kazi yenyewe ya dairekta ipo kwenye animatiki. Kwa asiyejua, animatiki ni zile picha za storibodi, vimchoro vya haraka haraka hata sura hazina, zimepangwa kwenye muda wake pamoja na sauti za waigizaji. Ukiiangalia utaona takataka. Ila katuni yote iko pale, kichekesho kama kinachekesha kinachekesha pale pale, na kama episodi inachosha itachosha pale, na hakuna rangi wala taa itakayokuja kuiokoa baadaye. Sini ukiikata kwenye animatiki umepoteza nusu saa ya mtu. Ukija kuikata baada ya kuanimeti umetupa mshahara wa wiki, na animeta mwenyewe anakuangalia kwa jicho ambalo utalikumbuka.

Nimewahi kuipitisha animatiki nikiwa kwenye daladala kutoka Mwenge, simu mkononi, sauti nimezima maana niliona aibu watu wasikie. Kulikuwa na sini bibi anatafuta miwani kumbe kaivaa kichwani, na kifaranga anaiona. Kimya kimya ilichekesha sana nikaandika "poa, endeleeni". Wiki mbili baadaye sini imekamilika, naiangalia na spika, kumbe kifaranga anaongea tangu mwanzo mpaka mwisho na anasema wazi kabisa miwani iko kichwani kabla bibi hajaanza hata kutafuta. Sekunde 14 zikaenda na maji. Nilimwambia nani? Nilinyamaza nikawalipa watu wakarudia.

Tuje kwenye hesabu, hapa ndo wengi mnalala. TV ya huku tunatoa fremu 25 kwa sekunde. Siyo kila fremu inachorwa upya, kwa kawaida pozi moja linashika fremu mbili. Episodi ya dakika 7 ni sekunde 420, yaani fremu 10,500. Kwenye timu yangu animeta mzoefu, rigi ya mhusika (ile mifupa ya kwenye kompyuta ya kumchezeshea) ikiwa tayari na bakigraundi ipo, anatoa sekunde 20 safi kwa wiki, na wiki ya kukatika umeme au ya malaria ni 12 na ushukuru. Nikiwa na animeta wanne ni sekunde 80 kwa wiki, so episodi moja ni wiki tano na kitu. Sasa mimi msomi nilisaini kutoa episodi 13 kwa miezi sita. Piga mwenyewe, mimi nilikuja kupiga wiki ya tatu baada ya kusaini, saa nane usiku, kwenye kikokotoo cha simu, nikapata miezi kama kumi na sita. Nilipiga tena nikidhani nimekosea. Kesho yake nilienda kwa mteja na daftari nikaweka kila kitu mezani, tukaishia episodi 6 kwa miezi minane, na aliyeniokoa pale siyo kipaji, ni kwamba nilienda mapema kabla hajaanza kuniuliza.

Toka siku ile skripti nikiisoma naisoma kama fundi anavyosoma ramani, natafuta gharama. Mwandishi wetu mmoja, kijana mzuri tu, aliandika "Soko limejaa watu." Basi, nukta. Maneno matatu. Kwenye tamthilia unachukua kamera unaenda Kariakoo, watu wapo bure. Kwenye katuni kila kichwa sokoni lazima kibuniwe, kipakwe rangi, kifungwe rigi, na kisimame pale kikipumua. Ile sentensi ingekula wiki tatu. Tulichofanya tukaweka kelele za soko, mgongo wa mama mmoja mwenye kapu karibu na kamera, miguu inapita chini ya meza ya nyanya (jozi tatu za miguu tunazizungusha zinarudi), na mtoto anachungulia katikati. Watu waliniambia ile sini ina watu wengi sana. Ina wahusika wawili.

Na hii siyo ujanja wa umaskini wetu, msione aibu. TV yenyewe ya katuni ilijengwa hivyo. MGM, kampuni ya sinema ya Marekani, ilipofunga idara yake ya katuni mwaka 1957, William Hanna na Joseph Barbera wakaanzisha kampuni yao kutengenezea televisheni, na bajeti za TV zilikuwa kidogo mno ukilinganisha na zile za sinema walizozoea kwenye Tom and Jerry. Wakapunguza michoro, mwili unatulia kichwa tu ndo kinaongea. Umewahi kujiuliza kwa nini Yogi Bear, dubu wa porini, amevaa kola na tai? Ile kola inaficha mahali kichwa kinapounganishwa na mwili, hivyo wanabadilisha kichwa tu na hakuna anayeona kiungo. Mimi nilipojua hilo nilicheka peke yangu, maana bibi yetu wa kifaranga nilikuwa nimemvisha mtandio shingoni kwa sababu ileile bila kujua kwamba kuna mzee Marekani alishafika huko kabla sijazaliwa.

Sasa kitu ambacho hutakipata kwenye tutoria za YouTube, Kiswahili chenyewe. Kuna mradi wetu mmoja skripti iliandikwa Kiingereza kwanza kwa sababu wenye hela walitaka kuisoma, ikapitishwa, animatiki ikapangwa na sauti za Kiingereza za kushikia nafasi, ndo baadaye tukatafsiri. Kosa kubwa. Mtu kwenye Kiingereza anapiga kelele ya silabi moja gari lisimame, mdomo unafunguka mara moja tu, sisi tunatakiwa kuingiza "simameni". Kuku ameshavuka barabara na amefika kwao ndo neno linaisha. Kuna mahali kulikuwa na "hatutawaruhusu", silabi saba kwenye neno moja, na muda uliopo ni wa silabi nne, yule dada muigizaji aliisema kwa spidi mpaka akaonekana ana ugomvi na mtu. Dawa ni moja, andika Kiswahili kwanza, rekodi Kiswahili, ndo upange muda na uanimeti. Wenye hela watafsirie wao wasome, haina shida. Na ukitaka kelele fupi lugha inazo kibao, "We!", "Toka!", "Aka!", "Mh!", hiyo "mh" ya mama mtu mzima inamaliza sini nzima na mdomo hata haufunguki, ni bure kabisa kwa animeta.

Halafu Kiswahili kina raha yake kwenye midomo. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, so ukichora vizuri midomo mitano ya a e i o u, ukaongeza uliofumba wa m, b, p na ule wa meno kwenye mdomo wa chini wa f na v, una saba, na kwa katuni ya watoto unaongea chochote. Msijaze rigi midomo ishirini mliyoikuta kwenye kifurushi cha kudownload.

Rekodi ya sauti, ushauri mfupi. Usirekodi chini ya bati kipindi cha masika. Na ukitumia mtoto wa kweli kama sauti ya mhusika mkuu, jua kwamba watoto wanakua. Kifaranga wetu msimu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka kumi na mbili, ana sauti kama filimbi, tukarudi msimu wa pili baada ya mwaka na nusu anaingia studio anasema "shikamoo" sauti inatoka kisimani. Tulikaa wote tukimwangalia. Sa hivi sauti ya kifaranga ni dada wa miaka thelathini na kitu, na yeye habadiliki.

Kuhusu ajira, watu wananiambia huku hakuna soko. Lipo, dogo, na ni la kuunganika. Tinga Tinga Tales, zile hadithi za wanyama zilizotoka kwenye mtindo wa uchoraji aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga hapa Dar, zilianimetiwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz wakishirikiana na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, zikaanza kuruka CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, mwaka 2010, episodi 52. Ubongo Kids imeanza kuonekana 2014 kutoka hapa hapa Dar. Malenga Mulendema wa Zambia aliingiza wazo lake kwenye shindano la Triggerfish, studio ya katuni ya Afrika Kusini, mwaka 2015 na katuni yake Supa Team 4 ikatoka Netflix mwaka 2023. Hesabu hiyo miaka, miaka minane. Mwaka huohuo Disney+ wakatoa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za Kiafrika, ndani yake kuna madairekta Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda, na hawa wawili walikuwa na kazi zao fupi walizotengeneza kabla hawajaitwa. Hakuna aliyeitwa kwa sababu ya picha ya Goku, samahani.

Mkataba sasa, na hapa nasema kwa uchungu. Mhusika wangu wa kwanza kabisa siyo wangu. Nilimbuni mimi, jina nilimpa mimi, nikasaini karatasi ya kurasa mbili ya mteja mmoja bila kusoma mstari unaosema kazi zote na wahusika wote ni mali yake milele. Leo yuko kwenye madaftari ya shule, nikipita stationari namwona, ananiangalia. Mhusika ni kitu tofauti na episodi, tenganisha kwenye mkataba, uza episodi ukitaka ila mhusika mpangishe. Na malipo omba vipande vitatu au vinne, kipande kikubwa kilipwe animatiki ikipitishwa, siyo mwisho, maana mwisho utaambiwa siku 60 na animeta wako kodi yake haisubiri siku 60. Andika pia marudio, yaani mteja kukurudishia kazi urekebishe, ni mangapi. Mimi naweka mawili, la tatu linalipiwa, na toka niandike hivyo wateja wamekuwa na macho makali ajabu, makosa yote wanayaona raundi ya kwanza.

Haya, unaanzia wapi. Usinunue kompyuta mpya kwanza. Chukua kisa cha sekunde 30, kitu umekiona kweli nyumbani kwenu, watu wawili tu. Andika wanachosema, warekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, milango imefungwa, nguo zinakula mwangwi. Chora vimchoro kama kumi na tano, hata kwa biki, vipige picha, vipange juu ya sauti kwenye programu yoyote ya kuhariri video. Halafu mtafute mtu ambaye hachori, shangazi, bodaboda wa kijiweni, yeyote, mwonyeshe bila kumweleza chochote. Wewe usiangalie simu, mwangalie yeye usoni, na macho yake yakitoka kwenye skrini andika ni sekunde ya ngapi.